Mpagazi Aliyevaa Manyoya ya Mlekwa

Katika zama zile ambazo nchi za bara ziliunganishwa na vijia vyembamba vilivyochimbwa na nyayo za wapagazi, palikuwa na msafara wa watu wa Usimbo uliokuwa ukirejea nyumbani kutoka magharibi. Usimbo ilikuwa nchi ya chumvi. Chumvi yake nyeupe ilijulikana hata kando ya maziwa makuu, lakini ardhi yake ilikuwa ngumu, na mvua zilipokataa kunyesha msimu baada ya msimu, watu walimaliza akiba, kisha wakala na mbegu. Ndipo mtemi wao alipoitoa chumvi yote iliyokuwa ghalani na kuituma ikabadilishwe kwa mtama wa kupanda. Sasa mtama huo ulikuwa njiani, umefungwa katika makanda ya ukindu, ukisafiri juu ya vichwa vya watu wenye njaa ambao hawakuthubutu kuyafungua.

Nyuma kabisa ya msafara huo alitembea mtu aitwaye Kiyungi.

Kiyungi alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na ukimwona kwa mbali ungedhani ni mtu wa maana. Ukimkaribia, dhana hiyo ilipoa. Hakuwa mkali wala mcheshi, hakuwa na adui wala rafiki wa kutajika. Tangu ujanani kazi yake ilikuwa kukoroga vyungu vya maji ya chumvi mpaka maji yakauke na chumvi ibaki, na ilikuwa kana kwamba moshi wa vyungu hivyo ulikuwa umemfuta sura. Wenzake walisimulia kwamba jioni moja kambini walimlazimisha atoe hadithi, naye akawaeleza jinsi chungu kinavyochemka, kikapungua, kikaongezwa maji, kikachemka tena. Na kabla chungu hakijakauka kambi nzima ilikuwa imelala, walinzi pamoja nao. Mara nyingi chakula kiligawiwa akasahauliwa, naye hakudai. Zamani aliwahi kuoa. Mke alipoondoka, wazee walimwuliza ametendewa ubaya gani. Alijibu kwamba hakutendewa ubaya wowote, ila kuishi na Kiyungi ni kama kuishi peke yako na bado ukapika chakula cha watu wawili.

Mbele ya msafara alitembea Mlekwa, na huyo hakuna aliyewahi kumsahau. Alikuwa kirangozi, mwongoza njia, na jina lake lilitangulia mbele yake kama vumbi linavyotangulia kundi la ng'ombe. Kichwani alivaa kilemba cha ngozi ya mbega, manyoya yake meusi na meupe yakimwangukia usoni mpaka puani, na juu yake yalisimama manyoya ya korongo. Uso aliupaka ngeu, ule udongo mwekundu, na chokaa, wala hakuuosha mpaka safari iishe, maana ndio ulikuwa mwiko wa kazi yake. Miguuni alifunga njuga. Alitunga nyimbo akitembea, na wimbo alioutunga asubuhi ulikuwa umefika nchi ya tatu kabla ya mwezi kuandama.

Homa ilimkamata Mlekwa katika mbuga za Lwanzi, ikamchukua. Wakamzika asubuhi chini ya mawe, bila ngoma, kisha wakaketi wakitazamana.

Huzuni yao haikuwa ya mapenzi tu. Mbele yao palikuwa na mto Lwanzi, mpana na wenye matope yanayomeza watu, na kivuko chake kimoja kilikuwa mikononi mwa Mtemi Malugu wa Igalwa. Kila msafara ulilipa hongo, ushuru wa njia, ya nguo na bunduki ili upite, na watu wa Usimbo hawakuwa na kitu ila mtama. Njia ya kusini waliyoipita walipokwenda ilikuwa imefungwa na vita. Tumaini lao lilikuwa moja. Miaka mingi nyuma Mlekwa aliwahi kupita Igalwa mara moja tu, akaimba katika mazishi ya mama yake mtemi; na Malugu, huku akilia, akaapa mbele ya watu wake kwamba msafara utakaoongozwa na Mlekwa utavuka bila kutoa kitu.

"Mawingu yameanza kukusanyika mashariki," alisema mnyampara Kasanda, mkuu wa msafara. "Mvua ikitukuta upande huu wa mto, tumebeba chakula cha panya." Akawatazama watu wake mmoja mmoja, macho yakampita Kiyungi, yakarudi. "Ndugu yangu Kiyungi, hebu simama."

Kiyungi akasimama.

"Simama pale, penye fimbo ya marehemu."

Akasimama penye fimbo. Kimo kilikuwa kilekile, na mabega yaleyale.

"Siwezi kuimba," Kiyungi alisema alipoelewa.

"Hakuna anayekutaka uimbe. Tutasema homa imekuchukua sauti. Wewe tembea mbele, nyamaza. Kunyamaza unajua."

Wakampaka uso ngeu na chokaa. Wakamvika kilemba, wakamfunga njuga. Kiyungi alipoinama kwenye dimbwi ili anywe maji, alimwona mtu akimtazama kutoka chini, mtu wa kutisha na mzuri, na kwa muda hakujua ni nani aliyekuwa na kiu. Tangu hapo mambo yalimjia kama yanavyomjia mtu katika usingizi wa mchana, ambapo unasikia sauti za nyumbani na bado umo ndotoni.

Waliingia Igalwa asubuhi ya ukungu. Mto ulikuwa haujaonekana, ila harufu yake, na mayungiyungi meupe yaliyoelea ukingoni kana kwamba yalikuwa yanaelea hewani. Njuga zililia miguuni mwake, na kutoka ndani ya ukungu ule vigelegele vikamjibu. Wanawake walitoka na vibuyu vya maji. Wanaume waliweka mikuki chini. Mtu mmoja alimgusa mkono, akaukumbatia mkono wake mwenyewe kama aliyepata baraka. Kiyungi hakuwahi maishani mwake kuingia mahali pakajaa.

Mtemi Malugu alimpokea mbele ya boma, ameketi juu ya kigoda, ngozi ya simba mabegani. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa machozi, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia utando. "Mlekwa," alisema, akashika mkono wa Kiyungi kwa mikono miwili. "Kiapo changu kipo. Mtavuka. Lakini kwanza uniimbie tena wimbo wa mama yangu. Nimezeeka, nauota usiku, nikiamka maneno yamekimbia."

Kasanda akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima. "Mtemi wetu, homa imemharibu koo. Hawezi kuimba."

"Basi mtakaa hapa mpaka koo lipone," akasema mtemi kwa ukarimu mkubwa. "Binti yangu atamtibu."

Wakati wapagazi wakipiga makofi ya shukrani kwa mikono mizito, Kiyungi alimwona mtu aliyesimama nyuma ya kigoda. Alikuwa amevaa joho jekundu, gobori begani, na shingoni kipande cha kombe kilichong'aa. Alikuwa Kasubi, mkuu wa rugaruga, askari wa Igalwa. Watu wote walikuwa wakimtazama mgeni kwa furaha. Huyu alimtazama kama mtu anayekumbuka deni.

Kalunde, binti mtemi, alifika alasiri na kibuyu cha asali iliyochanganywa na mizizi. Alikuwa mjane. Mumewe, mtemi wa nchi jirani, aliuawa vitani, naye akarudi kwa baba yake na kukaa kimya, ingawa wachumba hawakukoma kumjia. Hakuwa msichana tena. Pembeni mwa macho alikuwa na mikunjo midogo ya mtu aliyewahi kucheka sana. Alimpa Kiyungi kibuyu, akaketi juu ya mkeka karibu na mlango, akangoja.

Kiyungi akanywa. Akarudisha kibuyu. "Ahsante, binti mtemi," alisema kwa mnong'ono, kama alivyofundishwa.

"Na wewe utanieleza nini leo?" Kalunde aliuliza. "Wanaume wote wanaoketi hapo hunieleza vita."

"Sijapigana vita."

"Basi nieleze jambo unaloliona si kitu."

Kiyungi akafikiri sana. Hakuwa na lingine, akamweleza habari ya chumvi. Akamweleza kwa mnong'ono jinsi maji yanavyochotwa asubuhi kabla upepo haujaamka, jinsi chungu kinavyoanza kuimba kwa sauti nyembamba halafu nene, na jinsi inavyofika saa ambayo hakuna maji wala chumvi, kuna kitu cha katikati kama maziwa, na hapo ndipo mtu hapaswi kuondoa macho. Alipoinua kichwa alitazamia kumkuta amelala. Kalunde alikuwa macho, kidevu juu ya magoti, anatazama mahali ambapo chungu kingekuwepo.

"Halafu?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kumwuliza Kiyungi hivyo.

Kalunde akarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Nje mawingu yalizidi kuwa mazito, na Kasanda alizunguka kambini akinusa hewa kama mbwa. Lakini ndani ya nyumba ile ya wageni wakati ulikwenda kwa mwendo mwingine. Kalunde alileta asali, wakaketi. Nyakati nyingine hawakusema kitu, na ukimya wao haukumwomba mtu radhi. Alimwonyesha jinsi ya kusuka ukili, akaushika mkono wake kuurekebisha, akachelewa kuuachia. Kiyungi alikuwa na furaha iliyomtia uchungu, maana alijua furaha ile ilikuwa ya marehemu, naye ameiazima pamoja na kilemba.

Alasiri moja hakuweza tena. "Binti mtemi," alisema, na akaacha kunong'ona. Sauti yake ilikuwa nzima, ya chini, isiyo na ladha yoyote. "Kuna jambo."

"Kwamba wewe si Mlekwa," Kalunde akasema, akiendelea kusuka.

Kiyungi akakiweka kibuyu chini.

"Nilimwona Mlekwa katika mazishi ya bibi yangu. Alikaa ndani ya nyumba hii hii, nami nilimletea chakula. Alikuwa akizungumza hata anapotafuna, na kila alichozungumza kilikuwa yeye mwenyewe. Wewe siku ya kwanza ulikunywa, ukasema ahsante, ukaniachia nafasi ya kusema. Nikajua papo hapo." Akakata ukili kwa meno. "Mlekwa yuko wapi?"

"Amekufa njiani."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Kiyungi."

"Kama yungiyungi la mtoni," alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka. Kisha uso wake ukabadilika, maana alikuwa na habari yake, na ilikuwa mbaya. "Sikiliza sasa, Kiyungi. Umevaa manyoya ya mtu bila kujua yamebeba nini. Miaka iliyopita rugaruga wetu walishindwa vita ng'ambo ya milima. Kasubi alirudi bila mkuki. Mlekwa akasikia huko alikokuwa, akatunga wimbo. Watoto wanauimba mpaka leo: mkuki wa Kasubi ulibaki vitani, Kasubi mwenyewe yuko nyumbani. Hakuna kisima ambako Kasubi hakuusikia. Kasubi aliapa kwamba Mlekwa akikanyaga Igalwa hatatoka."

"Mbona hajaniua?"

"Wewe ni mgeni wa baba. Lakini kuna sheria ya mchanga. Aliyetukanwa anaweza kumwita mtukanaji kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya kivuko, mkuki kwa mkuki, na hata mtemi hawezi kuzuia. Atakuita kesho barazani. Ukikataa, wewe ni mwoga, na kiapo cha baba kinakufa. Ukisema ukweli, umemdanganya mtemi mbele ya watu wake, nanyi nyote mtauzwa." Akashusha sauti. "Nina mtumbwi kwenye matete. Twende sasa hivi. Mimi na wewe."

Kiyungi alitazama nje. Makanda ya mtama yalikuwa yamepangwa ukutani, na wapagazi wameketi mbele yake, kila mmoja akigeuzageuza uso kuelekea nyumbani.

"Anayekubali kwenda mchangani," aliuliza polepole, "watu wake wanakuwaje?"

"Amelipa hongo kwa damu. Watu wake huvuka mara tu anapokanyaga mchanga."

"Basi nitakwenda."

"Unajua kupigana?"

"Hapana."

Kalunde hakumbembeleza. Alikaa pale mpaka jua likageuka, akamweleza yote aliyoyajua: kwamba Kasubi humtukana adui kwanza, humtukana muda mrefu, akimngoja apandwe na hasira na kumrukia, kwamba wengi waliokufa mkononi mwake walikufa kwa hasira zao wenyewe. Kisha akaondoka bila kuaga.

Kesho yake barazani ikawa vilevile. Kasubi alisogea mbele ya kigoda, akachomeka mkuki ardhini mbele ya Kiyungi, akasema, "Ulinipa wimbo. Njoo nikulipe." Mtemi Malugu aliinuka nusu, akakaa, macho yake yakajaa machozi, lakini sheria ilikuwa ya babu zake. Kiyungi akauchomoa ule mkuki. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Wakashuka mtoni kukiwa na ukungu mzito. Watu wa Igalwa walisimama ukingoni, safu juu ya safu, lakini kutoka kwenye kisiwa cha mchanga walionekana kama matete tu. Nyayo za Kiyungi zilipogusa mchanga, Kasanda akainua mkono, na makanda ya mtama yakaanza kuvuka, juu ya vichwa, maji yakifika kifuani mwa watu. Kiyungi aliyasikia zaidi kuliko kuyaona: kugonga kwa fimbo, kikohozi, mtu akiita jina la mwenzake. Sauti hizo zilimpita na kwenda upande wa nyumbani. Akahisi utulivu mkubwa. Hata afe sasa, mtama umeshavuka.

Kasubi alimzunguka, ngao ya ngozi ya nyati mkononi. Alimwita mtoto wa fisi. Akamwita mwanamke wa kambini, mla makombo, mtu ambaye baba yake hakujulikana. Matusi hayo yangemwasha Mlekwa kama nyasi kavu. Kiyungi aliyasikiliza. Mengine yalikuwa kweli. Makombo alikuwa ameyala mara nyingi. Alisimama na ngao aliyoazimwa kama alivyosimama miaka yote mbele ya chungu, uzito ukihama taratibu kutoka mguu huu kwenda ule, bila kuondoa macho. Kasubi akaendelea. Jua likapanda nyuma ya ukungu, likaufanya mweupe kama maziwa. Sauti ya Kasubi ikaanza kukauka.

"Sema kitu," Kasubi akasema mwishowe, na ilikuwa kama anaomba.

Kiyungi hakusema.

Basi Kasubi ndiye aliyepandwa na hasira, akaruka. Mkuki wake ulipasua ngao ya Kiyungi na kumchana begani, na kwa uzito wa mruko ule wote wawili wakaanguka nje ya mchanga, ndani ya maji. Kiyungi hakujua kupigana, lakini alijua kubeba. Alimkumbatia Kasubi kama mtu anavyokumbatia kanda la chumvi, akakataa kuachia. Wakazama, wakaibuka, wakazama. Walipoibuka tena nyuma ya matete, kisu cha Kasubi kilikuwa kooni mwa Kiyungi, kilemba kilikuwa kinaelea kando yao, na maji yalikuwa yameiosha ngeu na chokaa yote.

Kasubi akautazama uso aliokuwa ameushikia kisu. Ulikuwa uso wa mtu asiyemjua, uso ambao angeweza kuupita sokoni kila siku asiukumbuke.

"Wewe si yeye."

"Mlekwa alikufa kwa homa," Kiyungi alisema. "Mimi ni mpagazi. Nakoroga chumvi."

Kasubi hakukiondoa kisu, wala hakukisukuma. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetembea jangwani akafika kisimani akakuta mawe. "Amekufa," alisema. "Amekufa na wimbo wake. Sasa nani ataufuta?"

Kiyungi alipumua kwa shida. Damu yake ilikuwa ikichora uzi mwekundu majini. Akauliza swali ambalo, kwa miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwuliza Kasubi.

"Ilikuwaje, siku ile?"

Maji yaliwapita. Ukingoni watu walikuwa wakiita, sauti zao zimefungwa na ukungu. "Mdogo wangu Lusinde alichomwa tumboni," alisema Kasubi. "Alikuwa bado hai. Nilimbeba kuvuka milima. Mtu hawezi kubeba ndugu yake na mkuki pia. Alifia mgongoni mwangu, na sikujua amekufa, nikaendelea kuzungumza naye mpaka mlangoni kwa mama. Mkuki ulibaki. Hilo Mlekwa hakusema uongo."

"Nitalisema," akasema Kiyungi. "Nikiwa Mlekwa nitalisema. Wataniamini."

Walitazamana. Kisha Kasubi akaweka kisu chake kiunoni. Akazamisha mkono mmoja, akachota udongo wa kijivu wa chini ya mto, akampaka Kiyungi usoni, paji, mashavu, kidevu, kwa uangalifu kama anayemwandaa bwana harusi. Akakiokota kilemba kilichokuwa kinaelea, akakikamua, akamvika. Akamshika kwapani, wakatoka majini pamoja.

Watu walinyamaza walipowaona wamesimama bega kwa bega. Kiyungi alipanda mchangani, damu ikimtiririka mkononi. Sauti yake haikuwa na pambo. Haikupanda wala kushuka. Ilikwenda tambarare kama ya mtu anayehesabu mpaka watoto wasinzie. Lakini ilifika mbali.

"Mkuki ulibaki vitani,
mikono ilimbeba Lusinde.
Ni mzito ndugu wa mtu
kushinda mkuki na ngao.
Kasubi hakukimbia,
alikuwa akimrudisha kwa mama."

Akaurudia. Mara ya pili mwanamke mmoja mzee ukingoni aliketi chini, akajifunika uso kwa kaniki yake. Alikuwa mama wa Kasubi. Mara ya tatu wanaume walianza kumfuata, kwa sauti ileile tambarare, na ikaonekana kwamba wimbo ule ulikuwa umefaa usiwe na pambo. Mtemi Malugu alilia waziwazi. Alipopata kusema, alisema kwamba huu umepita hata ule wa mama yake, na hakuuulizia tena.

Ndipo Kalunde alipotoka miongoni mwa wanawake, akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, nataka kuvuka na mtu huyu."

"Na Mlekwa?" mtemi akasema kwa furaha. "Nani angemkatalia Mlekwa?"

Kalunde hakumsahihisha. Aliingia majini akiwa amevaa nguo zake za siku zote. Walipofika katikati ya kivuko, Kiyungi, ambaye alikuwa ameanza kudhoofika kwa jeraha, alimwambia kwa sauti ya chini, "Ng'ambo hakuna Mlekwa. Kuna nyumba yenye moshi, na vyungu. Na huku hutaweza kunirudisha kamwe. Nikiosha uso, baba yako atajua tulimdanganya."

"Niliwahi kuishi na mwanamume mwenye sifa," Kalunde akasema, akampitishia mkono chini ya bega lake zima. "Tembea."

Mvua iliwakuta mtama ukiwa umeshaingia ardhini. Mwaka ule Usimbo ilivuna, na kwa kuwa ilivuna, bado ina watu. Kilemba cha mbega kilichomwa kwa heshima juu ya kaburi la Mlekwa wakati vita vya kusini vilipokwisha na wapagazi wakatumwa kwa njia hiyo kumlilia inavyostahili. Kiyungi alirudi kwenye vyungu vyake. Majirani walishangaa mtu kama yule alimpata wapi mwanamke kama yule, na walipomwuliza alianza kuwaeleza tangu mwanzo, kwa utaratibu wake, nao wakasinzia kabla hajafika mtoni.

Historia haikumweka. Wasimulizi wa Igalwa na Usimbo wanamtaja Mlekwa kirangozi, aliyemtukana Kasubi, akapigana naye mchangani, kisha akamwosha kwa wimbo mzuri kuliko nyimbo zake zote. Ule wa zamani, wa mkuki na nyumbani, ulisahaulika kwanza kwa watoto, kisha kwa wakubwa.

Miaka ilipita, habari ikaja kwamba Mtemi Malugu amefariki. Kalunde alisafiri kwenda kumzika, na Kiyungi alimsindikiza hadi ukingo wa Lwanzi. Hapo akabaki. Alikaa kwenye majani, nywele zake zimeingia mvi, akamtazama mkewe akivuka mpaka ukungu ukammeza. Karibu naye walikuwa wapagazi wa msafara mwingine, wamepumzisha mizigo, wakingoja zamu.

Kutoka ng'ambo, ngoma ya msiba ilianza, halafu sauti za watu wengi, tambarare, bila kupanda wala kushuka.

"Huo ndio wimbo wa Mlekwa," mpagazi mmoja akamwambia, kwa wema wa mtu anayemwelimisha mgeni. "Wanaimbia wafalme wao huo. Unaujua?"

"Nimepata kuusikia," alisema Kiyungi.

Mpagazi alingoja aongeze neno, hakuongeza, akageukia wenzake. Kiyungi akaendelea kusikiliza mpaka ngoma ikakoma. Ukungu ulikuwa unaanza kupungua juu ya maji alipomwona Kalunde akirudi, amenyoa kichwa kwa ajili ya baba yake, anapapasa kwa fimbo mahali pa kukanyaga. Akainuka, akaingia mtoni mpaka magotini, akampokea mkono.